Bwawa la kuogelea la nyumbani kwa bajeti ndogo: punguza ukubwa, usipunguze nondo

Mabwawa mengi ya nyumbani yanayojengwa kwa fedha ya kuungaunga yana kasoro ileile: yamechorwa makubwa, yakajengwa kwa kubana. Mwenye nyumba anataka mita kumi kwa tano na kina cha kumzamisha mtu mzima. Hesabu ikimzidi, anaanza kutanua nafasi za nondo, anaongeza mchanga kwenye zege, anajaza maji saruji ikiwa bado changa. Mwaka haujaisha, maji yanashuka kila usiku na ufa umekata sakafu katikati. Kutafuta na kuziba uvujaji wa bwawa lililokwisha kufukiwa ni kazi ngumu kuliko kulijenga vizuri tangu mwanzo.

Fedha ya bwawa huokolewa kwenye karatasi, kwa kuamua mapema vitu ambavyo havitajengwa kabisa. Hapa tutafuata bwawa moja hadi mwisho: urefu mita 6, upana mita 3, maji ya kina cha mita 1.2, sakafu karibu tambarare, kuta za tofali za saruji zenye matundu zilizojazwa nondo na zege. Linabeba takriban lita 21,600, yaani tani 21 na ushei. Linatosha familia kujipoza na watoto kujifunza kuogelea, na anayetaka mazoezi ajifunge kamba ya mpira kiunoni, aogelee palepale bila kufika ukutani.

Kina cha mita 1.2 hakikuchaguliwa kwa uoga. Kwa kina hicho, maji yanasukuma kila mita moja ya urefu wa ukuta kwa nguvu ya karibu kilo 720. Peleka kina mita 1.8, na sukumo linakuwa karibu kilo 1,620. Nguvu ya kuupindua ukuta kwenye mguu wake inapanda kwa kasi zaidi: umeongeza kina kwa nusu tu, nayo imeongezeka zaidi ya mara tatu. Ndiyo maana ukuta wa tofali unaotosha kabisa kwa maji ya kifuani hautoshi kwa maji ya kupita kichwa, na bwawa la kina hicho ni kazi ya mhandisi na kuta za zege lenye nondo. Atakayetumia bwawa la mita 1.2 akubali sharti moja tangu siku ya kwanza: hakuna kupiga mbizi, hakuna kurukia kichwa. Shingo huvunjika kwenye maji mafupi.

Soma udongo kabla ya kununua hata mfuko mmoja

Chimba shimo la majaribio lenye kina cha mita 2 mahali penyewe, ikiwezekana msimu wa mvua, uliache siku nzima. Shimo likiwa kavu, endelea. Likiingia maji, jua bwawa lako litaishi juu ya maji mengine yanayolisukuma kwenda juu, nalo likiwa tupu linaweza kuelea kama mtumbwi.

Si maneno ya kutisha, ni hesabu. Bwawa hili likiwa tupu lina uzito wa takriban tani 19: sakafu karibu tani 8, kuta na mkanda wake wa juu (zege lenye nondo linalozunguka juu ya kuta) tani 11. Kitako chake, pamoja na unene wa kuta, ni mita 6.4 kwa 3.4, yaani karibu mita za mraba 22. Kila sentimita 10 za maji ya ardhini zinazopanda kuzidi usawa wa chini ya sakafu zinainua bwawa kwa tani 2.2. Kwa hiyo maji yakipanda sentimita 87 hivi, uzito umelingana na sukumo. Yakizidi hapo, bwawa tupu linang'oka, au sakafu inavimba na kupasuka katikati. Bwawa lililojaa halina shida hiyo kwa sababu uzito wa maji ya ndani unalikandamiza. Kosa la kawaida ni la mtu anayelikausha bwawa katikati ya masika ili alisugue vizuri.

Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, ni adui mwingine. Unasukuma kuta ukivimba na kuinyima sakafu egemeo ukisinyaa. Kama ndio ulionao, ama utoe angalau sentimita 50 zaidi chini ya sakafu na ujaze changarawe iliyoshindiliwa, ama uachane na zege utumie bwawa la turubai linalovumilia ardhi inayocheza. Udongo mwekundu ulioshikana na changarawe ndiyo ardhi bora. Mchanga mtupu unabeba vizuri, ila kingo za shimo zinaporomoka, kwa hiyo lazima uzilaze kwa mteremko.

Kuhusu mahali: kaa mbali na shimo la maji taka, mbali na mti mkubwa, na kamwe usiwe chini ya nyaya za umeme. Jua la saa tano au sita kwa siku linapasha maji bure. Usichimbe karibu na msingi wa nyumba. Umbali usipungue kina cha shimo mara mbili. Pia uliza mamlaka ya ujenzi ya eneo lako kama kibali kinahitajika, kwa kuwa bwawa lililokwisha kujengwa halihamishiki.

Kuchimba

Shimo liwe mita 7 kwa 4. Mita 6.4 kwa 3.4 ni za bwawa na unene wa kuta. Sentimita 30 zinazobaki kila upande ni nafasi ya fundi kusimama nyuma ya ukuta, na baadaye ndizo zitakazokuonyesha kama bwawa linavuja. Kina ni mita 1.6: mita 1.4 za ukuta na mkanda, sentimita 15 za sakafu, na 5 za zege jembamba la kusafishia. Udongo utakaotoka ni karibu mita za ujazo 45, na ukishachimbwa unavimba kwa robo hivi, hivyo panga kubeba au kusambaza karibu mita za ujazo 56. Watu wengi husahau hesabu hii, wakajikuta na mlima uani wasio na pa kuupeleka.

Pembe zipimwe kwa tatu, nne, tano: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mshazari lazima usome mita 5 kamili. Kisha pima mishazari yote miwili ya bwawa zima. Ikitofautiana hata kwa sentimita 2, rekebisha kamba kabla ya kuchimba. Usawa uchukuliwe kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, wala usiamini pimamaji fupi kwa urefu wa mita 6. Bwawa lisilo sawa husutwa na maji yenyewe kila siku: upande mmoja yanakaribia kufurika, mwingine ukuta uko wazi.

Udongo uliotolewa ukae angalau mita 1 kutoka ukingo. Na mtu asishuke peke yake kwenye shimo la udongo uliolegea au uliolowa mvua, kwa maana udongo ukiporomoka hata hadi kiunoni tu huwezi kumvuta mtu kwa mikono.

Sakafu

Chini pashindiliwe hadi kisigino kisiache alama. Mwaga zege jembamba la 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto), unene sentimita 5, ili nondo zifungwe juu ya mahali safi. Kesho yake tandika karatasi ya nailoni nzito, halafu nondo za milimita 10 kila sentimita 20, kwa urefu na kwa upana, zikifika sentimita 10 nje ya mstari wa ukuta. Nondo za mita 12 zitahitajika kama 24. Ziinuliwe juu ya biskuti za saruji za sentimita 5. Usiziinulie kwa vipande vya tofali wala kwa mbao, maana tofali linanyonya maji na mbao inaoza, na vyote viwili vinaiachia kutu njia ya kufika kwenye chuma.

Sasa nondo za kusimama. Hizi ni za milimita 12, zimekunjwa mfano wa herufi L: mguu wa sentimita 50 unalala ndani ya sakafu ukielekea katikati ya bwawa, na mwili unapanda hadi mkanda wa juu bila kuunganishwa. Kata vipande vya mita 2, sita kwa kila nondo ya mita 12. Vinasimama kila sentimita 40 kuzunguka bwawa lote, jumla 47 na vya akiba kwenye pembe. Nafasi hiyo lazima ilingane na matundu ya tofali zako. Panga mstari wa kwanza wa tofali pakavu, bila udongo wa saruji, utie alama katikati ya tundu moja baada ya jingine, ndipo ufunge nondo. Fundi asiyefanya hivyo atajikuta anapinda nondo kwa bomba ili ziingie tunduni, na nondo iliyopindwa kwenye mguu wake imepoteza kazi yake pale pale inapohitajika zaidi.

Zege la sakafu ni 1:1.5:3: mfuko mmoja wa saruji, mchanga mfuko mmoja na nusu, kokoto mifuko mitatu. Kwa eneo la mita 6.6 kwa 3.6 na unene wa sentimita 15, ni mita za ujazo 3.6, takriban mifuko 29 ya kilo 50. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na mchanga ukiwa umelowa yapunguze hadi 20 au 22. Mafundi hupenda zege la majimaji kwa sababu linasambaa bila jasho. Lakini maji ya ziada hayageuki kuwa zege: yanakauka na kuacha vijitundu, na bwawa litavujia humo humo. Zege zuri linakaa kwenye koleo lililoinamishwa kidogo, na linahitaji vaibreta (mashine ya kulitetemesha), au kuchomwa-chomwa kwa nondo fupi, ili likae.

Sakafu yote imwagwe siku moja bila kukatika. Ukimwaga nusu leo na nusu kesho, umejenga ufa kwa mikono yako. Kodi mashine ya kuchanganyia kwa siku hiyo moja. Ni matumizi yanayolipa kuliko karibu yote mengine. Lipe mteremko wa sentimita 5 kuelekea pembe moja, ili siku ya kukausha maji ya mwisho yakusanyike hapo. Pale ukuta utakapokaa, kwaruza zege likiwa bado bichi hadi kokoto zionekane.

Jioni hiyohiyo funika kwa nailoni, na kuanzia kesho loweka kwa siku 7 bila kuruka hata moja. Saruji hukomaa kwa kunywa maji, na ikikauka mapema inasinyaa na kupasuka hata kama mchanganyiko wako ulikuwa bora.

Ukuta na mabomba

Tofali ni zile za sentimita 40 kwa 20 kwa 20 zenye matundu mawili. Mistari 6 inatoa mita 1.2, na mkanda wa zege wa sentimita 20 unakamilisha mita 1.4. Hesabu ni tofali 282, nunua 300. Zigonge kabla ya kulipa: nzuri inalia kama chuma, mbovu inatoa sauti ya gunzi na pembe zake zinamomonyoka kwa kidole.

Udongo wa saruji uwe 1:4. Baada ya mstari wa pili, wa nne na wa sita, laza nondo moja ya milimita 10 ikizunguka bwawa lote, na kwenye pembe ipinde, usiikate. Panapounganishwa, nondo zipishane mara 50 ya unene wake: sentimita 50 kwa ya milimita 10, na 60 kwa ya 12.

Matundu yajazwe kila baada ya mistari mitatu. Tumia kokoto ndogo za milimita 10, na zege laini kidogo kuliko la sakafu, ukilichoma kwa nondo hadi hewa iishe. Ukisubiri mistari yote sita ndipo ujaze, zege litanasa njiani na kuacha mapango usiyoyaona, na uzito wake waweza kupasua tofali za chini. Kila tundu lijazwe, hata lisilo na nondo. Zege hili ni kama mita za ujazo 2.3. Juu yake fomu ya mbao, nondo nne za milimita 12 zenye ringi kila sentimita 20, na zege la mkanda, mita za ujazo 0.75. Ukijumlisha na lipu, kazi nzima itakula mifuko ya saruji 75 hadi 80, mchanga mita za ujazo 5 au 6, na kokoto karibu 7.

Mabomba yawekwe ukuta unapopanda. Kutoboa baadaye ni kuliomba bwawa livuje. Yako mawili tu: mdomo wa skima (kisanduku kinachovuta maji ya juu pamoja na majani) juu, kiwango cha maji kikikata katikati yake, na bomba la kurudisha maji upande wa pili, sentimita 30 au 40 chini ya uso. Skima ikae upande ambao upepo unasukumia majani, upepo ukufanyie nusu ya kazi. Tumia bomba la plastiki la shinikizo la inchi moja na nusu, wala si lile jembamba la maji taka.

Plastiki haishikani na saruji. Ni laini mno, na maji hupenya kati ya bomba na ukuta hata kama zege lenyewe ni zuri. Sehemu itakayozikwa ukutani ikwaruze kwa msasa, paka gundi ya mabomba kuizunguka, na gundi ikiwa bado mbichi uivingirishe kwenye mchanga mkavu. Ikikauka, bomba lina ngozi ya mchanga inayoshikana na zege sawasawa. Ni kazi ya dakika tano kwa kila bomba.

Utagundua hakuna tundu la kunyonya maji sakafuni. Nimeliacha kwa makusudi. Tundu hilo ni njia ya uvujaji iliyo chini kabisa, pasipofikika, na lina hatari nyingine kubwa zaidi: tundu moja lililounganishwa moja kwa moja na pampu linaweza kumnyonya mtoto na kumshikilia chini ya maji. Mwaka 2002 Virginia Graeme Baker, mtoto wa miaka 7, alifariki Marekani kwa namna hiyo, na mwaka 2007 ikapitishwa sheria yenye jina lake kuhusu vifuniko salama vya matundu hayo. Bwawa dogo halilihitaji. Siku ya kulikausha, shusha pampu ya kuzamishwa kwenye pembe ya chini.

Lipu, kisha jaribio kabla ya kufukia

Kwanza rusha saruji na mchanga wa chenga, 1:2, ukutani kama unga mzito unaonata, uuache ukauke. Kisha lipu ya 1:3 yenye dawa ya kuzuia maji kwa kipimo cha kwenye paketi, mikono miwili (yaani tabaka mbili), jumla sentimita 2.5. Pale ukuta unapokutana na sakafu tengeneza mshazari wa duara wa sentimita 5 kwa 5, uliokandamizwa kwa chupa. Kiungo hicho ndicho dhaifu kuliko vyote, na pembe kali haifungiki vizuri kwa lipu wala haisafishiki.

Juu ya lipu paka dawa ya saruji ya kuzuia maji, ile ya unga na kimiminika vinavyochanganywa, mikono miwili: wa kwanza wima, wa pili mlalo. Ukichagua nyeupe, ndiyo sura ya mwisho ya bwawa lako. Vigae vya bwawa zima ni gharama inayoweza kungoja miaka. Ukitaka sana, weka ukanda mmoja tu kwenye mstari wa maji, ambako mafuta ya ngozi huacha alama. Rangi ya kawaida ya nyumba usiiguse, itabanduka kama magamba.

Siku 28 baada ya mkanda wa juu, jaza maji huku nyuma ya kuta kukiwa bado wazi. Ule upenyo wa sentimita 30 sasa unalipa. Shuka na tochi, pitia kila tofali kwa mkono: panapovuja patakuwa na doa la unyevu, na mara nyingi ni kwenye mstari wa kwanza au kandokando ya bomba. Paweke alama, punguza maji hadi chini ya hapo, chonga, ziba kwa saruji ya kukauka haraka, paka dawa tena.

Kama nje ni pakavu lakini maji yanashuka, fanya jaribio la ndoo. Jaza ndoo, isimamishe juu ya tofali ndani ya bwawa, ndoo izame karibu yote, tia alama usawa wa maji ndani na nje yake. Baada ya saa 24 linganisha. Vyote vikishuka sawa ni jua na upepo. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, linavuja, na kila sentimita moja ni lita 180.

Ndipo ufukie, bwawa likiwa limejaa, ili maji ya ndani yaupe ukuta egemeo dhidi ya udongo unaoshindiliwa. Chini kabisa laza bomba lenye matundu lililozungukwa na kokoto, likitoa maji kwenye mteremko kama upo. Kwenye pembe moja simamisha bomba wima linalofika hadi usawa wa sakafu, na mfuniko juu. Hilo ni jicho lako: kabla ya kukausha bwawa miaka ijayo, shusha kamba yenye jiwe, uone maji ya ardhini yamefika wapi. Juu ya kokoto jaza changarawe, kila sentimita 20 ishindiliwe kwa mkono. Mashine nzito ya kushindilia isikaribie ukuta.

Chujio la mapipa

Maji yote yapite kwenye chujio mara moja kwa siku. Lita 21,600 kwa saa nane na nusu ni kama lita 2,500 kwa saa, kiasi kidogo kuliko watu wanavyodhani. Pampu kubwa hapa ni hasara tupu: inasukuma maji kwa nguvu hadi uchafu unapenya mchangani na kurudi bwawani.

Chujio la bei nafuu ni mapipa mawili ya plastiki ya lita 200 yasiyowahi kubeba kemikali, yamesimama juu ya jukwaa imara la tofali karibu na bwawa, vitako vyake vikiwa juu ya usawa wa maji. Kila moja likijaa linakaribia kilo 350. Chini weka bomba lenye mikato myembamba ya msumeno, lifunikwe kwa kokoto ndogo sentimita 10, halafu mchanga mgumu wa milimita 0.6 hadi 1.2, uliooshwa hadi maji yatoke meupe, unene sentimita 45. Pampu inavuta kutoka skima na kumwaga juu ya mchanga kupitia kisahani kinachovunja kasi. Maji yanashuka yenyewe na kurudi bwawani. Rekebisha koki ya kila pipa hadi ndoo ya lita 20 ijae kwa dakika moja. Weka pia bomba la kufurikia karibu na mdomo wa pipa, lirudi bwawani, la sivyo chujio likiziba pampu itamwaga bwawa lako uani usiku kucha.

Maji yakianza kupanda ndani ya pipa hadi karibu na bomba la kufurikia, kwangua sentimita 2 au 3 za juu, zioshe kwenye ndoo, zirudishe. Pipa libaki wazi juu, au lifunikwe kwa kitambaa cha kuzuia mbu. Kamwe usilizibe ili lifanye kazi kwa shinikizo: shinikizo la ba 1 tu lingesukuma mfuniko wake kwa nguvu ya zaidi ya tani 2.5.

Pampu iwe na kikapu cha kunasia nywele na majani. Ikae angalau mita 3.5 kutoka ukingoni, kwenye laini yake yenye kikata umeme kinachohisi uvujaji wa miliampia 30, na waya wa ardhi uliopimwa na fundi umeme. Hapa hakuna cha kuokoa hata kidogo. Taa za ndani ya maji ziachwe. Taa ya ukutani mbali na maji inamulika vya kutosha.

Maji yenyewe

Nunua kipimo cha pH (kiwango cha asidi ya maji) na klorini kabla ya kununua dawa. pH ikae kati ya 7.2 na 7.6, klorini huru (ile ambayo bado haijatumika) kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita. Miezi ya mwanzo saruji mpya itaipandisha pH kila mara, na hilo lina maana: kwenye pH 7.5 karibu nusu ya klorini ndiyo inayoua vijidudu kwa nguvu, na ikifika 8 ni kama robo tu. Mtu anaongeza dawa kila siku, bwawa linabaki kijani, kumbe kinachotakiwa ni kushusha pH.

Kwa klorini ya unga ya asilimia 65, gramu 33 zinapandisha bwawa hili kwa miligramu 1 kwa lita. Zikoroge kwenye ndoo ya maji, ukitia dawa kwenye maji na si maji kwenye dawa, umwage jioni ukizunguka bwawa. Mchana jua kali linaua zaidi ya nusu ya klorini isiyo na kinga ndani ya saa mbili. Kinga yake ni asidi ya sianuriki: gramu 650 mara moja zinatoa miligramu 30 kwa lita, kisha zinadumu kwa miezi. Usizidishe miligramu 50 kwa lita, klorini itazubaa. Unga wa klorini wa asilimia 65 na vile vidonge vya klorini vya kuyeyuka polepole visikutane kamwe, hata kwa kijiko kimoja au ndoo moja, kwani vikichanganyika vinaweza kulipuka.

Maji ya kisima yenye chuma yatageuka kahawia dakika chache baada ya klorini kuingia. Bwawa halijaharibika, chuma kimejitenga na maji, na mapipa yatakitoa kwa siku kadhaa, mchanga wa juu ukikwanguliwa kila siku.

Uzio usiachwe kwa ajili ya awamu ya pili

Mtoto mdogo anazama kimya, bila kelele wala kurusha maji, na dakika chache zinatosha. Uzio wa urefu wa angalau mita 1.2 uwe umesimama kabla tone la kwanza halijaingia, hata kwa lile jaribio la uvujaji. Nafasi kati ya vyuma au mbao zisizidi sentimita 10, kusiwe na mbao za kulala anazoweza kuzikanyaga kama ngazi, wala kiti au ndoo iliyoachwa karibu na uzio. Lango lifunguke kuelekea nje ya bwawa, lijifunge lenyewe kwa springi, na komeo liwe mita 1.5 kutoka chini. Springi ijaribiwe kila mwezi kwa kuachia lango likiwa wazi kidogo tu, kiasi cha kiganja, kwa sababu hapo ndipo springi iliyochoka hushindwa kulifunga. Wakati hakuna anayeogelea, ngazi ya kushukia majini itolewe, na mipira na vichezeo visibaki vikielea, kwani hivyo ndivyo vinavyomwita mtoto arudi peke yake.